Malenga Hufundishwa

Jumamosi iliyopita mzazi mmoja wa Ngamiani alikuja kumwondoa mwanawe darasani kwangu, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, malenga huzaliwa, hafundishwi." Nimeisikia kauli hiyo tangu nianze kufundisha utunzi hapa Tanga, na sasa imenichosha.

Wanaoisema humtaja Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, kana kwamba tungo alizinyonya kwa mamaye, wakasahau kwamba alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi na alitunga kwa bidii kando ya kazi hiyo. Mshairi Kaluta Amri Abedi naye alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na sheria huandikiwa mtu anayeweza kujifunza.

Vina sitavieleza, hata mtoto huvishika kwa siku mbili. Kazi iko kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi. Mwanafunzi wangu mmoja wa Sahare alileta mshororo huu: "Mvuvi anakumba maji, dunia ina taabu." Aliapa kwamba ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, una mizani 8. Una 9, kwa kuwa m ya "mvuvi" hutamkwa peke yake na huhesabiwa, ilhali mb ya "anakumba" hushikana na irabu yake. Tukaandika "akumba", hesabu ikatimia. Utao, nusu ya pili, ulikuwa umetimia tangu mwanzo, lakini ndio ulionikera zaidi, maana maneno yale yangeweza kubandikwa kwenye shairi lolote. Nikamwuliza mvuvi huyo aliyakumba maji, yaani aliyatoa mashuani, kwa kifaa gani. Alinyamaza kitambo, kisha akalikumbuka kopo la babu yake, na baada ya kufuta mara nne akaandika: "Mvuvi akumba maji, na kopo limetoboka." Taabu imo humo humo, na hakuitaja.

Nakiri kwamba wapo wanaofika wakiwa na sikio tayari. Wengi wao walilelewa na bibi waliosoma tenzi kwa sauti nyumbani, na mpaka leo sijapata njia ya hakika ya kumpa sikio hilo mtu mzima aliyelikosa. Namsomesha tenzi kwa sauti kila juma, naye hupata au hukosa. Hata hivyo sikio la bibi ni malezi, na malezi ni mafunzo yaliyoanza mapema.

Daftari la mtoto yule aliyeondolewa bado liko mezani kwangu, lina beti mbili na nusu. Nimemwomba baba yake amrudishe Jumamosi aumalizie ubeti wa tatu.