Mlipeni tangu siku ya kwanza

Simu ninazopigiwa na waajiri kuhusu vijana wenye ulemavu hufanana. "Mlete tu huyo kijana, atajifunza. Ila bajeti ya kumlipa hatuna." Kwa miaka kadhaa nilikuwa najibu asante, nikikata simu naanza kumtafutia kijana nauli. Siku hizi najibu kwamba bila malipo simleti. Wapo wanaoniambia nawazibia vijana riziki, kwamba aliyekaa nyumbani miaka minne tangu amalize chuo hawezi kuchagua. Naomba nieleze nilivyofika hapo.

Kazi yangu ni kuwaunganisha vijana wenye ulemavu na waajiri hapa Dar es Salaam, kisha kuwafuatilia mpaka mambo yakae sawa. Wengi hunijia na cheti mkononi, kutoka chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu cha Yombo, VETA Chang'ombe au vyuo vya watu binafsi: ushonaji, useremala, uchomeleaji, TEHAMA. Ufundi wanao. Wanachokosa ni ile miezi ya mwanzo kazini, mtu anapogundua kwamba mteja anataka kabati lake Ijumaa, na Ijumaa haisogei.

Kuna binti kiziwi niliyempeleka kwenye karakana ya kushona sare. Tulikubaliana miezi mitatu ya kujitolea. Wiki ya tano nilimkuta anapunguza nyuzi zilizoning'inia kwenye mashati yaliyoshonwa na wenzake. Wiki ya tisa, bado yuko kwenye nyuzi. Cherehani zilikuwepo, lakini kila cherehani ina hesabu ya mashati kwa siku, na hakuna msimamizi aliyetaka kupoteza hesabu hiyo kwa mtu anayepita. Hawakumtesa. Walimpenda, wakamgawia chai na maandazi kila asubuhi, na siku ya mwisho wakampa kanga na barua ya shukrani. Kola hajawahi kuigusa. Masharti yale niliyakubali mimi, na bado yananiuma.

Sasa karakana moja ya samani pale Keko. Kijana naye ni kiziwi, mhitimu wa useremala. Safari hii tuliandikishana mkataba wa miezi sita, malipo kila mwisho wa mwezi: miezi mitatu ya mwanzo mradi wetu unachangia nusu, baada ya hapo mwenye karakana anabeba yote. Wiki ya pili nilipofika nilikuta hali ya hewa imechafuka. Kijana alikuwa amekata ubao wa mninga ukapungua nusu inchi, na mninga si mbao ya kuchezea. Fundi mkuu alikuwa ameshika futi mbele ya macho yake, anamwonyesha kwa kidole alama ya penseli, kisha unene wa meno ya msumeno, kisha alama tena: unakata nje ya mstari, hukati juu ya mstari. Hasira yote ilikuwa usoni, na kijana anasoma uso kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Halafu akapewa ubao mwingine, akapima, fundi mkuu akasimama pembeni mpaka msumeno ulipotoka upande wa pili.

Nilifurahi kupita kiasi. Binti wa sare alikaa miezi mitatu bila kukaripiwa hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ujira katika mafunzo. Anayelipa anataka kuona kazi, kwa hiyo analazimika kufundisha, kukosoa, kurudia. Asiyelipa anajiona anasaidia, na mtu unayemsaidia humpi kazi ngumu wala humwambii amekosea.

Sheria haina utata. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kampuni ya watu 100 ni watu watatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, hata kwa anayeomba kazi tu. Na Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 27 inataja wazi uzoefu wa kazi katika soko la ajira la kila mtu.

Maofisa rasilimali watu ninaokutana nao wengi wanaijua hiyo asilimia 3. Wanachoniuliza ni kingine: akiumia je? Mwenye mkataba mnamchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kama mnavyowachangia wenzake, na akiumia kazini mfuko una wajibu naye. Anayewaachia swali gumu ni yule wa "kujitolea" asiye na karatasi yoyote, siku msumeno ukimkata.

Swali la pili ni gharama. Pale Keko kilichofungwa ni balbu moja nyekundu juu ya mashine ya kuranda, swichi yake iko kwa fundi mkuu. Ikiwaka, kila mtu anaacha anachofanya. Wenzake wamejifunza alama za kutosha: hatari, subiri, umeme umekatika, chai. Mkalimani wa lugha ya alama tulimlipia siku za mwanzo, za kusoma mkataba na kanuni za usalama. Hapo usibane matumizi, maana kijana akiitikia kwa kichwa haina maana ameelewa. Kwa wenye ualbino, watu hukumbuka kofia na mafuta ya kujikinga na jua, wakasahau macho. Wengi wana uoni hafifu: mpe meza isiyoangaliana na dirisha, na maandishi makubwa. Kijana mwenye ulemavu wa akili anahitaji kazi igawanywe hatua kwa hatua, kwa picha zilizobandikwa ukutani, na mtu mmoja wa kumuuliza. Mmoja, yule yule kila siku.

Jambo linalosahaulika zaidi ni pesa inaingia mkononi mwa nani. Malipo ya kwanza ya kijana wa Keko nusura yaende kwenye simu ya kaka yake. Hakuwa na laini, kwa sababu hakuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, kwa sababu siku familia ilipokwenda kujiandikisha yeye aliachwa nyumbani. Tukaanzia serikali ya mtaa kuomba barua, tukaenda kwenye alama za vidole, tukasubiri, ndipo laini ikapatikana. Kaka alinuna. Mama yao ndiye aliyemaliza ubishi: "Kafanya kazi yeye, mpeni yeye."

Mwezi wa pili alinunua futi yake, akaiandika jina kwa maka peni pande zote mbili. Fundi mkuu huiazima. Kijana humpa, kisha humfuata nyuma hadi irudi mfukoni mwake.