Darasa kimya si lazima liwe linasikiliza
Walimu wengi hapa Kisumu huamini kwamba darasa likitulia tuli, somo limeingia. Wapi! Mwanafunzi anaweza kukukodolea macho huku akili iko ufuoni Dunga, inasubiri samaki. Mwaka 2014, mtafiti Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni: kwenye mihadhara mitupu wanafunzi walianguka wastani wa 34 katika kila 100, walikoshirikishwa, 22.

Kushirikisha si kuuliza “Tumeelewana?” na darasa zima kuitikia “Ndiyooo!” Hiyo ni kwaya. Andika swali ubaoni, kila mmoja aandike jibu lake kwanza, kisha amgeukie jirani wabishane dakika mbili. Kelele zitapanda, na mwalimu wa darasa la jirani atachungulia dirishani. Mwache achungulie.