Macho na Mikono ya Mtoto Mwenye Utindio wa Ubongo: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtoto wa miaka 3 ameketishwa juu ya mkeka wa rangi nyingi, amemwegemea mama yake, na mbele yake pamewekwa kikombe cheupe, kijiko, ndizi na mpira. Anaambiwa achukue kikombe. Hakitazami wala hanyooshi mkono, na waliomzunguka wanakubaliana kwamba mkono wake hauna nguvu. Kisha mmoja wao anaviondoa vyote, anatandika kitambaa cheusi kisicho na maua, anaweka juu yake kidumu kidogo kitupu cha manjano cha mafuta ya kupikia na kukitikisa mara moja. Zinapita sekunde kadhaa za kimya. Mtoto anakitazama, anageuza uso pembeni, halafu mkono uleule uliosemwa hauna nguvu unanyooka na kukigusa.

Makosa mengi tunayofanya kuhusu mikono ya watoto hawa huanzia kwenye macho. Utindio wa ubongo, yaani ulemavu wa kusogea na kushikilia mwili, hutokana na jeraha katika ubongo ambao bado unakua, na hapa Uganda visababishi vinavyotajwa mara kwa mara ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa siku za kwanza, malaria kali na homa ya uti wa mgongo. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii. Jeraha hilo halichagui kuumiza miguu na mikono peke yake.

“Macho yake ni mazima, kwa hiyo anaona.” Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, nayo huwanasa hata baadhi ya wahudumu wa afya. Jicho hupokea mwanga tu, na kazi ya kuugeuza mwanga huo kuwa kikombe, uso wa bibi au ngazi ya mlangoni hufanywa na ubongo. Mtoto anaweza kuwa na macho safi yasiyo na kovu wala mtoto wa jicho, na bado akawa na ulemavu wa kuona unaotokana na ubongo wenyewe. Katika watoto waliozaliwa kabla ya wakati, jeraha mara nyingi huwa pembeni mwa vyumba vya maji ya ubongo, mahali ambapo nyuzi zinazoongoza miguu hupita jirani na nyuzi za kuona. Ndiyo sababu mtoto mwenye miguu iliyokakamaa anaweza pia kutoona vizuri eneo la chini, akala nusu ya posho (ugali) iliyo upande wa mbali wa sahani na kuiacha iliyo karibu na kifua chake, kisha akaambiwa anachagua chakula.

Dalili nyingine huonekana nyumbani kabla ya kuonekana kliniki. Mtoto huona kwa urahisi zaidi kitu kinachosogea, au chenye rangi moja kali, kikiwa peke yake. Hukodolea taa au dirisha. Hamtambui shangazi yake mpaka asikie sauti. Leo anaona vizuri na kesho kana kwamba haoni, hasa akiwa amechoka, ana homa au ametoka kupatwa na kifafa, na kubadilikabadilika huko ndiko kunakofanya watu wazima waseme anajifanya. Hajifanyi.

“Hatazami anachoshika, basi hana nia.” Yule mtoto wa kidumu aligeuza uso kabla ya kunyoosha mkono, na hilo ni jambo la kawaida kwa watoto wa namna hii. Kutazama ni kazi na kunyoosha mkono ni kazi, na ubongo uliojeruhiwa huzifanya kwa zamu badala ya pamoja. Kumshika kidevu na kumgeuza kwa nguvu humnyang’anya njia aliyojitafutia. Maneno mengi nayo humvuruga, kwa sababu kusikiliza ni kazi ya tatu, kwa hiyo sema mara moja, kisha nyamaza na usubiri kuliko unavyodhani inafaa. Mwili wake pia uwe umeshikiliwa vizuri, maana mtoto anayepigania kusimamisha shingo habakiwi na nguvu za kutazama.

“Miwani haimfai mtoto asiyesema.” Kipimo cha macho hakihitaji maneno. Mpimaji anaweza kusoma mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho, au kuonyesha kadi zenye mistari na kufuatilia macho yanakoelekea. Watoto hawa huwa na makengeza na uoni hafifu mara nyingi kuliko wenzao, na wengi hushindwa kulenga kitu cha karibu, yaani pale hasa mikono inapofanyia kazi. Makengeza ya kudumu baada ya mwezi wa nne hayafai kungojewa yaishe yenyewe, kwa kuwa ubongo unaweza kuacha kulitumia jicho hilo.

“Anatumia kushoto kwa sababu hajafunzwa adabu.” Katika nyumba nyingi za kwetu, kumpa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima, na nimeona mtoto akipigwa kofi vidoleni kwa kosa hilo ilhali upande wake wa kulia umepooza. Kwa kawaida mtoto mchanga hachagui mkono waziwazi kabla ya kutimiza miezi 12. Akifanya hivyo mapema, huku mkono mwingine umekunja ngumi na kidole gumba kimefichwa ndani, apelekwe kupimwa bila kuchelewa. Na heshima ina njia nyingi: anaweza kutoa kwa kushoto huku mkono wa kulia ukigusa kiwiko, na hapo tayari ametumia mikono miwili.

“Mkono dhaifu ukandwe tu, nguvu zitarudi.” Kukanda humtuliza mtoto, sina ugomvi nako, lakini mkono hujifunza kazi kwa kufanya kazi, tena kazi ambayo mtoto mwenyewe anaitaka na kuirudia mara nyingi. Ipo tiba ya kuuvisha glavu mkono wenye nguvu kwa saa chache kwa siku ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, nayo hufanywa kwa muda maalumu chini ya mtaalamu, jambo ambalo si sawa na kumfunga mtoto kamba mchana kutwa. Njia nyingine ni mazoezi ya mikono miwili: kufungua pakiti ya karanga, kumenya maharage mabichi, kushikilia bakuli huku akikoroga. Utafiti umeonyesha kwamba idadi ya saa za mazoezi ikikaribiana, njia zote mbili huleta maendeleo yasiyotofautiana sana.

Aliyepooza upande mmoja anaweza pia kupoteza uoni wa upande uleule, na mkono huo ukawa hauhisi vizuri. Mkono usioonwa wala kuhisiwa husahauliwa. Kitu kiwekwe kwanza upande anaouona, kisha kisogezwe kidogokidogo kuelekea katikati, na mkono wenyewe uwekwe mbele ya macho yake, hata kwa kuvalishwa bangili nyekundu.

Ukienda Hospitali ya Mulago, hospitali ya CoRSU ya Kisubi au kituo cha watoto cha Katalemwa, omba macho na mikono vitazamwe pamoja. Nyumbani anza na mlango: katika chumba chenye dirisha dogo, mama anayeketi akiupa mlango mgongo huwa kivuli cheusi kwa mtoto wake. Ageuke, mwanga umwangukie usoni, ndipo amwonyeshe kikombe.