Opera ya anga: maana yake, riwaya zinazoisindikiza, na keki zake

Luteni Uhura alikaa kwenye mitambo ya mawasiliano ya chombo cha anga Enterprise tangu mwaka 1966, akatumikia misimu mitatu ya Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani, mpaka kipindi kikafungwa mwaka 1969, bila kuwa na jina la kwanza. Uhura lenyewe ni neno letu, uhuru, lililobadilishwa irabu ya mwisho. Jina la kwanza, Nyota, halikutoka kwenye televisheni. Lilitoka kwenye kitabu. Mwaka 1982 William Rotsler aliandika kitabu cha wasifu wa wahusika wa Star Trek, na humo akamwita Nyota. Waandishi wa riwaya wakalichukua, wasomaji wakalizoea, na filamu ya Star Trek ilipokuja kulitamka mwaka 2009 kulikuwa na watu waliokuwa wakimwita hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Naanza na jina hilo kwa sababu linaonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote jinsi opera ya anga inavyoishi. Kinachoonekana kwenye skrini ni sebule tu. Nyumba ina vyumba vingine, na vingi vimejengwa na waandishi wa vitabu na mashabiki.

Basi opera ya anga ni nini? Jina lilizaliwa kama kejeli. Mwaka 1941 Mmarekani Wilson Tucker, mwandishi na shabiki wa hadithi za kisayansi, alitaka neno la kuzibeza hadithi za vyombo vya anga zilizochakaa na kuandikwa harakaharaka. Redio za Marekani wakati huo zilikuwa na tamthilia nyingi za mapenzi na ugomvi wa familia zilizodhaminiwa na viwanda vya sabuni, zikaitwa opera za sabuni. Filamu za makauboi nazo ziliitwa opera za farasi. Tucker akafuata mkondo huo, akasema opera ya anga. Usitafute waimbaji wala okestra ndani yake. Kejeli ilikufa, jina likabaki, na leo wanaozipenda hadithi hizo wanalitumia bila aibu.

Ukiniuliza maana kwa ufupi, nitakwambia ni hadithi ya kubuni iliyotandazwa juu ya nyota nyingi: falme na mashirikisho ya sayari, vyombo vinavyovuka umbali ambao hata mwanga huumaliza kwa miaka, vita, mapatano, urafiki, usaliti, mapenzi. Sayansi imo, ila haishiki usukani. Enterprise inakwenda kasi kuliko mwanga kwa sababu hadithi inataka kufika sayari nyingine, na msomaji anakubali masharti hayo ili ajue kama Spock, msaidizi wa nahodha, atapona. Hapo ndipo opera ya anga inapoachana na ile hadithi ya kisayansi inayokokotoa kila kilo ya mafuta ya roketi. Gene Roddenberry, aliyeibuni Star Trek, alipoinadi mwaka 1964 aliifananisha na Wagon Train, tamthilia ya msafara wa mikokoteni ukielekea magharibi ya Marekani, ila wa kwake ungeelekea nyotani. Yaani opera ya farasi iliyopandishwa angani.

Anayetajwa mara nyingi kama baba wa aina hii ni Edward Elmer Smith, ambaye hadithi yake ya kwanza ya safari za nyota ilitoka kwenye jarida la Amazing Stories mwaka 1928. Wasomaji walimwita Daktari kwa sababu alikuwa na shahada ya udaktari katika kemia, na kazi iliyompa mkate ilikuwa kutengeneza michanganyiko ya unga wa donati. Nalipenda jambo hili kupita kiasi. Mtu aliyetufungulia njia ya makundi ya nyota alikuwa mtu wa unga.

Sasa riwaya. Hizi zinazoandikwa kutokana na filamu au kipindi cha televisheni nitaziita riwaya sindikizi, kwa kuwa zinaisindikiza hadithi kama mwenyeji anavyomsindikiza mgeni, na mara nyingi hupita naye mbali kuliko ilivyotarajiwa. Ziko zinazofuata filamu tukio kwa tukio, zikiongeza mawazo ya mhusika ambayo kamera haiwezi kuyaona. Ziko zinazobuni kisa kipya kabisa kwa wahusika walewale. Star Trek ilianza mapema: James Blish alianza kugeuza vipindi kuwa hadithi fupi za kitabu mwaka 1967, kipindi chenyewe kikiwa bado hewani. Mwaka 1970 Blish huyohuyo akatoa riwaya mpya ya watu wazima, isiyotokana na kipindi chochote.

Tazama tarehe hizo vizuri. Vipindi 79 vilikwisha mwaka 1969, na filamu ya kwanza ya sinema ilitoka Desemba 1979. Katikati, ukiacha katuni za 1973 na 1974, skrini haikuwa na kisa kipya. Kulikuwa na marudio, na kulikuwa na vitabu. Shabiki aliyetaka kujua Kirk, nahodha wa Enterprise, na wenzake wanafanya nini leo alikwenda duka la vitabu.

Kazi ya mwandishi wa riwaya sindikizi ina masharti ambayo msomaji wa kawaida hayaoni. Wahusika si wake, wala kitabu akimaliza si chake: hakimiliki ni ya kampuni yenye filamu. Muhtasari wa kisa hupelekwa kwanza kwa mwenye mali, naye anaweza kukataa. Nahodha hawezi kuuawa, chombo hakiwezi kulipuliwa moja kwa moja, na ukurasa wa mwisho sharti urudishe kila kitu mahali pake, kwa sababu wiki ijayo televisheni itavihitaji. Wapo wanaodharau vitabu hivi kwa sababu hiyo. Mimi naona kinyume. Ukikatazwa kumuua nahodha, unalazimika kwenda kwenye pembe ambazo hakuna aliyezimulika: huyu rubani alizaliwa wapi, mama yake alimwita nani? Vonda McIntyre alifanya hivyo mwaka 1981 alipompa rubani Sulu jina la kwanza, Hikaru. Miaka kumi baadaye, kwenye filamu ya 1991, Sulu akiwa sasa nahodha wa chombo chake mwenyewe alijitaja kwa jina hilo.

Hapa linaingia neno kanoni. Kanoni ni yale ambayo mwenye hadithi anayatambua kuwa yalitokea kweli ndani ya ulimwengu huo. Kwa Star Trek, desturi ni kwamba kanoni ni kile kilichoonyeshwa kwenye skrini, vitabu havimo. Kwa hiyo kitabu kinaweza kukanushwa na kipindi siku yoyote. Jambo hilo lilitokea kwa uzito. Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, ilipokwisha mwaka 1999, riwaya ziliendeleza maisha ya wahusika wake kuanzia 2001, zikaungana na riwaya za vyombo vingine, na kwa kuwa televisheni haikuwahitaji tena, watu wakaoa, wakazaa, wakafa, kwa miaka karibu ishirini. Mwaka 2020 ukaja mfululizo mpya wa televisheni kumhusu nahodha Picard, na historia yake haikulingana na ile ya vitabu. Mwaka 2021 waandishi watatu wakatoa riwaya tatu za kuufunga ulimwengu ule wa vitabu. Walikuwa na hiari ya kuuacha ufe kimya. Waliuandikia mwisho, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa wasomaji walioufuata.

Sisi tuliokulia kwenye tenzi tuna njia yetu ya kulielewa hili. Fumo Liyongo ana nyimbo zinazonasibishwa naye, ana masimulizi ya mdomo, ana utendi wa Muhamadi Kijuma wa mwaka 1913, na hakuna ofisi iliyowahi kutangaza Liyongo yupi ni wa kanoni. Tofauti iko kwenye umiliki. Liyongo ni wa anayemsimulia. Spock ana mwenye mali. Hata hivyo Nyota na Hikaru ni ushahidi kwamba mwenye mali naye husikiliza.

Keki inaingia wapi? Mashabiki wa opera ya anga husherehekea. Kuna Septemba 8, siku ambayo kipindi cha kwanza cha Star Trek kilirushwa mwaka 1966, kuna siku za kuzaliwa, kuna harusi za watu waliokutana kwenye mikutano ya mashabiki. Keki yenye umbo la ulimwengu huo ni namna nyingine ya kusoma. Huwezi kuoka Enterprise kabla hujaitazama kwa makini: kisahani kikubwa cha mviringo mbele, shingo nyembamba, kiwiliwili kama gogo, na injini mbili ndefu zilizoinuliwa kwa mihimili myembamba. Aliyeichora hakuwa akifikiria uzito wa keki. Ukijaribu kuisimamisha, shingo inakatika. Waokaji wengi huilaza bapa juu ya ubao, ionekane kama unaitazama kutoka juu: keki ya duara kwa kisahani, na keki mbili za kuviringisha kwa injini. Wanaotaka isimame hutumia vijiti ndani, na injini huzitengeneza kwa kitu chepesi zaidi ya keki. Namba ya usajili, NCC-1701, huandikwa mwisho, kwa mkono usiotetemeka.

Anayeanza namshauri aanze na Waborgi, maadui waliotokea mwaka 1989, ambao chombo chao ni mchemraba. Keki ya mraba juu ya nyingine, chokoleti nyeusi, mistari ya kijani ya aisingi, basi. Au aoke tribuli, vile viumbe vidogo vya mviringo vyenye manyoya vilivyokijaza chombo mwaka 1967 kwa kuzaana bila kukoma. Keki ndogo ya kikombe, kremu kidogo, kisha nazi iliyokunwa na kukaangwa mpaka iwe rangi ya kahawia. Hii kwa mtu wa pwani haihitaji duka la vifaa. Panga thelathini kwenye sinia na kila aliyewahi kuona kipindi kile ataelewa kabla hujasema neno.

Keki zimo hata ndani ya hadithi yenyewe. Mwaka 1993, kwenye The Next Generation, mfululizo mwingine wa Star Trek, Data, yule mtu wa mashine, aliota ndoto ya kutisha ambamo mwenzake Troi alikuwa keki, na mwenzao Worf akasema aisingi yake ni ya mnanaa. Waokaji wa kishabiki wameirudia mara nyingi, na ladha ni lazima iwe mnanaa. Ukiweka vanila utaulizwa.

Mimi yangu ya Septemba ni rahisi: keki ya duara, juu yake jina NYOTA, na rangi nyekundu, kwa sababu ndiyo sare aliyozoeleka nayo. Kipindi kile cha kwanza kabisa kina Kiswahili ndani yake, Uhura akizungumza na kiumbe kilichojigeuza kuwa mwanamume. Na kipindi kingine cha 1967, kumbukumbu yake ikiwa imefutwa na akijifunza upya kusoma Kiingereza, ni Kiswahili kinachomtoka mdomoni. Kwa hiyo jina naliandika kwa herufi kubwa. Nyekundu ndiyo rangi ngumu kuliko zote kwenye aisingi: ukiongeza rangi mpaka uione imeiva palepale, itakuwa chungu. Ikoroge jana yake, ikiwa bado inafanana na waridi, uifunike na kuiacha usiku kucha. Asubuhi itakuwa imekolea yenyewe.