Usikate ethi ya oveni ili RCD itulie

Imeletwa nyingine karakana: oveni ya mtumba iliyofungwa kwenye meza ya chuma yenye magurudumu, na ukifungua plagi unakuta waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatwa na kukunjwa pembeni. Maelezo ni yale yale: "Fundi, ilikuwa inakata umeme nyumba nzima. Nikatoa ethi, ikatulia."

Haijatulia. Kilichokuwa kinakata ni RCD, kifaa cha usalama kinachozima umeme ukivuja, na umeme huo bado unavuja. Ulichoondoa ni njia yake ya kwenda ardhini, na njia iliyobaki ni mwili wa atakayeshika ile meza.

Sina ugomvi na oveni za mtumba. Sisi tunaosuka mota za pampu hapa Dodoma, mji unaotegemea visima vya Mzakwe kwa maji, tunazitumia kukaushia vanishi. Wengine wanachomea rangi ya unga, wengine wanakaushia elektrodi za kuchomelea. Ila ikishaingia karakana isirudi kupika chakula, na vanishi yenye thina ichuruzike na kupunga hewa kwanza, maana mvuke wake ukikutana na koili nyekundu unalipuka.

Sasa kwa nini inakata? Elementi, kile kipasha joto cha oveni, ni bomba la chuma lenye waya wa nikromu (ndiyo koili) katikati, na kati ya waya na bomba umeshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Unga huo hupitisha joto na kuzuia umeme, mradi uwe mkavu. Tatizo ni kwamba unavuta unyevu, na unyevu unaingilia kwenye ncha za elementi. Hapo ndipo naambiwa: "Dodoma ni kukavu, unyevu utoke wapi?" Oveni imetoka nao pwani! Oveni imekaa stoo ya mtu huko Ulaya bila kuwashwa, ikavuka bahari ndani ya kontena, ikalala Dar es Salaam. Kuianika juani kutwa nzima hakutoshi kuutoa unyevu uliojificha ndani ya bomba.

Ukipima koili ya wati 2,300 kwa mita ya kawaida unapata takriban omu 23, nzima kabisa. Ukiiwasha inapata moto. Basi mtu anahitimisha kwamba elementi ni nzima na RCD ndiyo mbovu. Lakini RCD haiulizi kama koili imekatika. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata. Kwa volti 230, uvujaji wa omu 7,700 hivi kati ya koili na bomba unatosha, na mita yako ikiwa kwenye koili haiuoni.

Wengine wananibishia kwamba inakata hata themostati (swichi ya kurekebisha joto) ikiwa imezimwa, kwa hiyo elementi haihusiki. Inahusika. Kwenye oveni nyingi themostati inakata waya wa moto, yaani unaoleta umeme, peke yake. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, inabaki imeungwa kwenye koili muda wote. Elementi ikigusana na bodi (ganda la chuma la oveni) upande wa nyutro, mtu akiwasha pasi chumba kingine, sehemu ya umeme unaorudi inapitia ethi na RCD inaangusha kila kitu. Chomoa ncha zote mbili za kila elementi, kisha pima moja moja kwa mega (mita ya kupima uvujaji) ya volti 500, kati ya ncha na bomba. Mimi nataka zaidi ya megaomu 1.

Isipofika, itoe, iweke ndani ya oveni nyingine nzima kwenye nyuzi 150 kwa saa kadhaa, halafu pima tena ikishapoa. Nyingi zinapona. Nyingine zinapanda vizuri kisha zinashuka tena zikikaa, na huwezi kujua mapema ni ipi itakayokuangusha. Ndiyo maana kipimo kimoja sikiamini, hata kiwe kizuri namna gani. Ninaipumzisha siku chache na kurudia. Ikishuka, naitupa.

"Lakini nina breka." Breka inalinda waya usiungue, hailindi mtu. Hapa kwetu, kuanzia Mei mvua zikishakatika, udongo unakauka hadi fimbo ya ethi inashika ardhi vibaya. Chukua fimbo ya omu 100: waya wa moto ukigusa bodi ya oveni, kinachopita ni ampia 2.3 tu. Breka ya ampia 32 haitashtuka hata kidogo, na bodi inabaki na umeme. RCD ya miliampia 30 inakata papo hapo. Kwa hiyo kwenye ardhi ya Dodoma RCD na ethi vinahitajiana, na wewe umekata kimoja ili kukinyamazisha kingine.

Meza yenyewe haina mambo mengi. Kebo ya raba ya nyaya tatu, milimita za mraba 2.5, ibanwe vizuri inapoingia. Ndani ya oveni tumia waya wa silikoni au wa nyuzi za kioo, ncha zibanwe kwa lagi (kichwa cha chuma cha kubania waya), usilehemu kwa risasi. Grainda isichangie plagi na oveni. Plagi ya ampia 13 inabeba, ila kwa kazi ya saa nyingi napendelea ile ya bluu ya ampia 16. Fremu ya meza nayo iungwe kwenye ethi: kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka lagi, bolti na washa yenye meno, kwa sababu magurudumu ya raba yanaitenga meza na sakafu.

Mwisho bonyeza kitufe cha T kwenye RCD. Ikikata, umejua RCD inafanya kazi na basi. Kitufe hicho hakipimi ethi, kitakata hata kama ethi imekunjwa pembeni ya plagi. Chomoa plagi, weka mita kati ya pini ya ethi (ile ndefu kwenye plagi ya ampia 13) na fremu ya meza, kisha kati ya pini hiyo na bodi ya oveni. Kote usome chini ya omu 1 kabla hujaiwasha.