Maswali mnayoniuliza kuhusu vepu ndogo ya mekanika iliyotengenezwa kwa mkono

Rafiki yangu aliniazima kidude chake wiki mbili nikijaribu. Ni kiboksi cha mbao na shaba, kinaenea kiganjani, fundi kakichonga mwenyewe kwa mkono, hakina skrini wala chipu, kina kitufe kimoja basi. Mi kazi yangu ni kuelimisha watu mambo ya afya na nilivuta sigara miaka mingi kabla sijahamia kwenye vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kwa hiyo waliponiona nacho maswali yakawa hayaishi. Nimeyakusanya hapa, nayajibu moja moja.

Swali: Vepu mekanika ni nini hasa, si vepu kama vepu nyingine?

Hapana, na hapa ndo pa kutulia kwanza. Vepu ya kawaida ina kijisakiti ndani kinacholinda, ukiweka koili mbovu (koili ni ule waya unaochemsha likwidi, kile kimiminika kinachogeuka mvuke) kinakataa kuwaka, betri ikishuka sana kinazima, ukishika kitufe sekunde nyingi kinakata chenyewe. Mekanika haina hayo yote, kuna betri, kuna swichi, kuna koili, ukibonyeza umeme unatoka kwenye betri unaenda moja kwa moja kwenye waya na waya unapata moto. Ni kama tochi ya zamani. Koili ikiwa imepiga shoti tochi haikuambii kitu, we ndo chipu, akili yako na kipimo chako ndo vinavyosimama kati ya betri na uso wako.

Swali: Lakini hicho ni kidogo, si kitakuwa na nguvu kidogo pia?

Hili ndo kosa linaloniumiza zaidi kwa sababu watu wengi wanafikiri hivyo. Betri iwe ndogo au kubwa, ikijaa chaji ni volti 4.2 ile ile, kinachopungua ni uwezo wake wa kuhimili. Vile vikubwa vinatumia betri ya 18650, maana yake milimita 18 upana na 65 urefu, hivi vidogo vingi vinatumia 18350 ambayo ina urefu wa milimita 35 tu, na nyingi za saizi hiyo zinabeba kama ampea 10 hivi mfululizo (ampea ni kipimo cha umeme unaopita), zaidi ya hapo unaitesa.

Sasa hesabu yenyewe ni ya shule, volti gawanya kwa omu za koili, yaani jinsi waya unavyoukinza umeme, unapata ampea. Koili ya omu 1 ni 4.2 gawanya kwa 1, ampea 4.2, betri imekaa raha. Koili ya 0.5 ni ampea 8.4, bado uko ndani lakini unakaribia ukingo. Koili ya 0.2, ambayo wapenda mawingu makubwa ya mvuke wanaipenda sana, ni ampea 21! Ile betri ndogo unaidai mara mbili ya uwezo wake na yenyewe haina namna ya kusema hapana, inapata joto tu, gesi inajaa ndani, na ikifika mahali joto linajizalisha lenyewe hata ukiachia kitufe halisimami.

Na usiamini maandishi ya kwenye betri kwa macho tu. Kuna 18650 zinaandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayohifadhiwa) na hakuna betri ya saizi hiyo yenye uwezo huo duniani, nyingine ni betri za laptopu zilizochakaa zikavalishwa ganda jipya zikang'aa.

Swali: Ulikagua nini kabla ya kukiweka mdomoni?

Nilianza na ganda la betri. Watu wengi hawajui kwamba mwili wote wa betri ile, kuanzia kitako hadi karibu kabisa na juu, ni upande wa hasi, chanya ni kale kaduara ka katikati tu, kwa hiyo lile ganda jembamba la plastiki likichanika hata kidogo na bati likagusa chuma cha kiboksi umeshapiga shoti. Ya rafiki yangu ilikuwa na mchaniko mdogo pembeni kama wa ukucha, nikaitoa nikaweka yangu mpya.

Halafu nikatafuta matundu ya kutolea gesi. Fundi aliweka mawili chini, nikampongeza kimoyomoyo, kwa sababu betri ikiharibika ndani ya boksi lililozibwa pande zote hilo sio boksi tena, ni bomba lililojaa presha na upande mmoja umeuelekeza mdomoni. Kitu ambacho hakuweka ni loki ya kitufe. Kitufe kimesimama wazi pembeni, ukikitia mfukoni ukakaa kwenye kiti kinabonyea na kinaendelea kuwaka bila kikomo, kwa hiyo wiki mbili zote sikukiweka mfukoni wala kwenye begi kikiwa na betri ndani, nikimaliza nachomoa betri naiweka kwenye kikopo chake cha plastiki.

Koili nikapima kwa kipimo cha omu, ikasoma 0.6, yaani ampea 7, safi. Nikakaza skrubu vizuri nikapima tena... 0.3! Mguu wa waya ulikuwa umejipinda ukagusa chuma cha chini. Hiyo ni ampea 14 kwenye betri ya 10, na ningebonyeza nisingejua chochote, ingewaka tu vizuri pengine hata ningeifurahia. Nimekaa naangalia ile namba muda mrefu kiukweli. Pima mara ya mwisho ukishamaliza kukaza kila kitu, sio kabla.

Jingine ni kwa zile ambazo atomaiza, ile sehemu ya juu yenye koili, inagusa betri moja kwa moja bila kitu katikati: ile pini ya chini lazima itokeze nje waziwazi kuliko nyuzi za kufungia, ikiwa imelala sawa na nyuzi usifunge kabisa.

Swali: Na ladha je, ikoje?

Tamu, sitadanganya. Betri ikiwa imejaa inapiga kwa nguvu, ikishuka mvuke unapungua, unajifunza kuisoma kwa mdomo. Nikiona imelegea naitoa nachaji, kwa sababu hakuna chipu ya kuizuia isishuke kupita kiasi na betri iliyokaushwa sana inaharibika ndani. Lakini pamba inayonyonya likwidi kwenye koili ikikauka inaungua na hakuna kinachokata, unavuta ule moshi mkali unaochoma koo, na ladha ile sio ya kuvumilia "kidogo tu iishe", hapo ndipo kemikali kama fomaldehaidi na akrolini zinazaliwa kwa wingi. Ukionja kuungua acha, badilisha pamba.

Swali: Si ni mvuke wa maji tu ule?

Sio maji jamani. Ni chembechembe ndogo sana za propilini glikoli na gliserini, pamoja na flava, mara nyingi na nikotini, na koili yenyewe huwa inaachia madini kama nikeli na kromiamu, na risasi imeshapatikana pia kwenye mivuke iliyopimwa. Kwenye kitu cha kutengenezwa kwa mkono mi nauliza swali la ziada, hiyo sehemu inayopita mvuke imetengenezwa na nini, imelehemiwa na risasi gani, mbao imepakwa vanishi gani, maana fundi anaweza kuwa hodari wa kuchonga na asiwe amefikiria mapafu hata siku moja.

Na likwidi za kuchanganya mtaani kaa nazo mbali kabisa. Mwaka 2019 Marekani watu walianza kulazwa na mapafu yaliyoumia vibaya, hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walipita 2,800 na vifo vilikuwa 68, na kilichohusishwa zaidi ni mafuta ya vitamini E yaliyowekwa kwenye likwidi zenye dawa ya bangi, nyingi za njia za panya. Vitamini unayoila bila shida, mapafuni ni kitu kingine kabisa.

Swali: Kulipuka ni kweli au mnatutisha?

Ni kweli. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki yaliyoripotiwa na vyombo vya habari kati ya 2009 na 2016, na karibu theluthi yalitokea kifaa au betri ikiwa mfukoni, sio mdomoni. Betri wazi mfukoni pamoja na funguo na sarafu, basi, hapo hata vepu haihitajiki. Vifo vipo pia, Florida mwaka 2018 na Texas mwaka 2019, watu wazima wawili kwa kulipukiwa na vepu. Ukilinganisha na mamilioni wanaovuta ni wachache, lakini wengi wa walioumia wameumia mapaja, vidole, meno na macho, na hayo maumivu hayapoi haraka.

Swali: Navuta sigara, nataka kuacha, ninunue hiki?

Hiki hapana. Kuacha sigara ndiyo, kwa nguvu zote, ila mtu anayeanza anahitaji kitu ambacho hakimdai hesabu. Mapitio ya utafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yanaonyesha sigara za kielektroniki zenye nikotini zinasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko stika na chingamu za nikotini, wakati huo huo Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilihimiza nchi zizidhibiti kwa nguvu kwa sababu watoto wanaingizwa kwa wingi. Mi nayashika yote mawili: kwa mvutaji wa miaka mingi aliyeshindwa njia nyingine, zungumza na mhudumu wa afya, na kama ni vepu iwe yenye ulinzi ndani. Kama huvuti chochote sasa hivi, usianze, sina jibu refu zaidi ya hilo.

Swali: Mdogo wangu ana miaka 16 anakitaka kwa sababu ni kizuri, anasema ataweka likwidi isiyo na nikotini

Mwambie hapana na umweleze sababu, usimfokee tu. Ubongo unaendelea kujengeka hadi karibu miaka 25 na nikotini inaushika mapema, na chupa nyingine zilizoandikwa hazina nikotini zimepimwa zikakutwa nayo. Alafu turudi kwenye ampea, we unamwamini kijana wa 16 akiwa na wenzake akumbuke kupima koili kila akikaza skrubu? Mi mwenyewe nilikaribia kukosea na nilikuwa nimekaa peke yangu mezani. Kama kuna watoto wadogo nyumbani likwidi ifungiwe juu, mtoto akiinywa hata kidogo ni kukimbia hospitali na chupa mkononi, usimtapishe.

Swali: Ikinilipukia au ikaanza kutoa moshi nifanyeje?

Ikianza kufoka au kuwa ya moto ghafla, itupe mbali na watu na vitu vya kuungua, usijaribu kuifungua kuokoa betri, usivute ule moshi wake, ni sumu. Ikikuunguza vua nguo iliyolowa maji ya betri haraka, mwagia maji safi yanayotiririka kwa wingi, dakika 20 zisiwe nyingi kwako, jicho nalo hivyo hivyo ukiwa umelifungua. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Hospitali mwambie daktari wazi kwamba ni betri ya lithiamu ndo imekuunguza, kwa sababu hapo kuna moto na kuna kemikali pamoja na kidonda kinaweza kuendelea kuchimba huku juu kinaonekana kidogo.

Kidude nimeshakirudisha. Nilimpa rafiki yangu na kipimo cha omu juu yake na ile betri yake iliyochanika nikaitia kwenye mfuko wake wa kwenda kutupwa sehemu ya betri, na fundi wake amekubali kuongeza loki kwenye kitufe.