Umri, vinasaba na saratani: "kupima DNA" hakutakupa jibu unalolitafuta

Tangu matangazo ya uchunguzi wa saratani ya matiti yaanze mwezi huu wa Oktoba, dirisha la mapokezi la maabara yetu hapa Moshi linapokea ombi lilelile kila siku. Mtu anafika na shangazi au dada yake, anataka "kupima DNA" ajue kama saratani iliyomwondoa mama yake imo kwenye damu ya ukoo. Hofu hiyo naielewa, na nia ni njema. Ila ombi lenyewe limesimama juu ya dhana mbili zisizo sahihi: kwamba saratani hurithiwa kama kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwamba mtu mwenye afya hana kasoro yoyote kwenye vinasaba vyake.

Tuanze na hiyo ya pili. Kila anayesoma makala haya ana mabadiliko ya vinasaba mwilini, awe na miaka 20 au 80. Seli ikitaka kugawanyika hunakili herufi zake zote za kinasaba, takriban bilioni 6, na katika kunakili makosa hutokea. Mengi husahihishwa palepale. Yanayoponyoka hubaki, na seli zote zitakazotokana na ile moja huyabeba. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger nchini Uingereza walihesabu makosa hayo kwenye utumbo wa wanyama wa aina 16. Seli ya binadamu hupata kama 47 kwa mwaka, ya panya karibu 800. Panya huishi miaka michache tu, kwa hiyo kila mnyama anapofika ukingoni mwa umri wake wa kawaida, jumla ya makosa katika seli haitofautiani sana.

Hapo ndipo uzee na saratani vinapokutana. Makosa mengi huangukia mahali yasipodhuru. Ili saratani itokee, makosa kadhaa mahususi lazima yakusanyike katika ukoo mmoja wa seli: moja liilazimishe seli igawanyike bila kukoma, jingine linyamazishe jeni (kipande cha vinasaba chenye kazi yake) kama TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha au kuiua seli iliyoharibika. Kwa kawaida hilo huchukua miongo, na ndiyo maana saratani ya tezi dume tunaiona zaidi baada ya miaka 50, si katika 25. Tembo wa Tarangire ana seli nyingi kuliko sisi kwa mbali na huweza kufika miaka 60, lakini hapati saratani kwa kiwango ambacho ukubwa wake ungetufanya tutarajie. Ana jozi kama 20 za jeni hiyo ya TP53. Sisi tunayo moja.

Naomba nieleweke vizuri: kuwa na mabadiliko si kuwa na saratani. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba kwa watu wa makamo, zaidi ya nusu ya utando wa kawaida wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, inaweza kuwa imeshikwa na seli zenye mabadiliko, hasa kwenye jeni iitwayo NOTCH1. Kipimo kinachokuambia tu kwamba "una mabadiliko" hakijakuambia kitu.

Umio nimeutaja makusudi. Mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Malawi, saratani yake ni nyingi kupita kawaida, na huku kaskazini tunaiona mno. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Chai ya maziwa inayonywewa ikiwa bado inafuka moshi huunguza utando, utando hujijenga upya, na kila ujenzi ni kunakili tena. Pombe, mbege ikiwemo, mwilini hugeuka asetaldehaidi, ambayo huharibu vinasaba moja kwa moja. Nikisema haya naambiwa, "Babu alikunywa hivyo mpaka akafika 90." Babu mmoja si ushahidi, jamani. Iache chai ipoe dakika chache.

Kuhusu kurithi: ni saratani kama 5 hadi 10 katika kila 100 zinazotokana na mabadiliko ya kurithi yenye nguvu, kama yale ya jeni za BRCA1 na BRCA2. Daktari huanza kulifikiria hilo pale ndugu zaidi ya mmoja wa upande uleule wanapougua saratani ya matiti au ya ovari wakiwa bado vijana, au mwanaume wa ukoo anapopata saratani ya titi. Bibi mmoja aliyeugua akiwa na miaka 78 hatoshi kuhukumu ukoo mzima.

Na hata panapokuwa na sababu, kipimo hakinunuliwi dirishani. Tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Sampuli huchukuliwa na mtu aliyeidhinishwa, kwa ridhaa ya mwenyewe, na huchunguzwa katika maabara inayotambuliwa. Kuisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Kukata kucha au nywele za ndugu aliyelala ukazituma kwa mtu uliyemwona kwenye simu ni kuvunja sheria, na adhabu yaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Taarifa za vinasaba ni taarifa nyeti pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayezitangaza bila ridhaa yako naye anawajibika.

Kinachotupa jibu ni kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe maabara. Hapa ndipo ninapoishiwa subira. Bado watu wanakataa kukatwa kinyama kwa kuamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu saratani husambaa. Inasambaa kwa sababu ya miezi inayopita mgonjwa akijificha. Wengine huleta kinyama kwenye chupa ya maji ya chumvi, kikiwa kimeshaanza kuoza. Utaratibu ni huu: kinyama cha titi kiingie kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kikatwe, fomalini iwe mara kumi ya ukubwa wake, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Jina, umri na namba ya mgonjwa viandikwe kwenye mwili wa kopo. Vikiandikwa kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana mezani. Fomu ijazwe upande wa mwili ulikotoka uvimbe, kulia au kushoto, na isainiwe na daktari. Kopo lisilo na jina tunalirudisha.

Majibu hupelekwa kwa daktari aliyeomba kipimo, hayasomwi kwa simu. Kama ulikatwa kinyama miezi iliyopita na hujarudi, njoo na kadi ya hospitali na barua ya rufaa. Kadi ikipotea, njoo na kitambulisho na utaje tarehe uliyokatwa. Tutayatafuta.